Posa kwa Spidi ya Mbili

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mzee Damascène kafanyiwa upasuaji wa taya. Hawezi kusema! Na Shami anaposa Jumamosi hii. Damascène ndiye msemaji wetu miaka yote. Leo ukoo mzima umenigeukia mimi, eti ndiye mdogo wa marehemu baba yake Shami. Mimi! Nimekulia Ngara, ng'ambo ya mpaka, Kinyarwanda changu kina kutu. Na gusaba si kuomba mke tu — ni mafumbo, utani, kutupiana maneno mbele ya hema zima. Nikikwama, Shami ndiye ataaibika.

Damascène kaniandikia kwenye simu: tazama posa za watu mtandaoni, mpaka mwisho. Kanitumia video nane. Jumla saa kumi na nane. Yesu wangu!

Jumanne, 12 Agosti

Nimepiga hesabu dukani Gikondo, huku nauza pedi za breki. Spidi moja na nusu: natoa nusu, zinabaki saa tisa. Saa tatu kila jioni, Alhamisi nimemaliza. Kumbe si kazi!

Alhamisi, 14 Agosti

Video haziishi! Nikamlalamikia mke wangu kwamba simu ni mbovu. Winifred alicheka mpaka akakaa chini. Spidi hiyo haitoi nusu, akasema, inatoa theluthi. Ni saa kumi na mbili, baba, si tisa. Tena hujahesabu unavyorudisha nyuma kila dakika, maana Kinyarwanda cha wazee kinakupita. Ni kweli. Najiona mjinga, na sasa naogopa.

Basi, spidi ya mbili. Na nitatazama mwanzo tu wa kila moja, miisho yote ni ile ile, watu wanakumbatiana. Haraka haraka haina baraka, najua! Nifanyeje?

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Asompsyo, yaani Kupalizwa Mbinguni, duka limefungwa. Baada ya misa nimefanya mazoezi ya posa sebuleni mbele ya Winifred. Nikamaliza kila kitu chai haijapoa. Akauliza kama naposa au nakimbia mvua. Yewe! Naongea kama video zangu.

Jioni Shami alipita. Kanishika mkono: baba mdogo, nakuamini. Bora angenitukana.

Jumamosi, 16 Agosti

Kimisagara, ndani ya gari, nje ya kwa kina Gaju, mchumba wa Shami.

Salamu zilipita. Utani wa ng'ombe ulipita, hata mama yake Gaju alicheka. Kisha msemaji wao, mzee Révérien, akasema kwa upole kabisa: msichana? Poleni, mmechelewa, tumeshamwoza Bujumbura. Akakaa. Najua ni mchezo! Lakini mchezo una jibu lake, na jibu liko kule mwishoni nilikoruka. Wazee wangu nao wanatazama viatu vyao. Nikaomba ruhusa eti nishauriane na watu wangu, nikakimbilia huku.

Nimefungua video. Nimepapata mahali penyewe! Mzee anaambiwa hivyo hivyo, binti ameshaolewa. Kwa spidi ya mbili sishiki kitu, maneno yanabwatuka tu. Nimeirudisha ya kawaida. Mzee kaweka fimbo magotini. Anatabasamu. Hajibu. Soda zinafunguliwa, mtoto analia, mzee anajifuta kipaji cha uso — hajibu.

Shami anagonga kioo. Wanauliza kama umetoroka, baba mdogo. Suti imelowa jasho, maskini. Nimemwambia ngoja. Ananitazama kama nimemuua.

Nikiongeza spidi sitasikia. Nisipoongeza wataondoa viti.

Mzee wa kwenye simu bado hajafungua mdomo. Sasa ni watu wa upande wa binti, humo humo kwenye video, ndio wanaoanza kutazamana kwa wasiwasi.