Kitambaa chekundu na boti ya jeshi

Shoga uko? Leo nimefanya kituko mbele ya wanamaji wote.

Si nilikuambia mjukuu wangu anapimwa leo? Akifaulu anaongoza kikosi cha ufukweni, wale wanaosimama mchangani na bendera kuzielekeza boti za kushusha magari ya jeshi. Sisi wazazi tuliwekwa nyuma ya kamba, tutazame.

Basi boti ikaja, lile limlango lake la mbele likaanza kushuka. Nikamwona mtoto kasimama wima na bendera ya kijani. Furaha ikanizidi. Nikaruka kamba, nikavua kitambaa cha kichwa, nikampungia.

Kile chekundu shoga. Chekundu.

Kumbe kwao nyekundu ni hatari. Boti ikarudi kinyumenyume na lori lake tumboni.

Mjukuu akanijia mbio. Nikadhani ataniita bibi. Wapi. "Mama, shusha kitambaa. Rudi nyuma ya kamba sasa hivi." Mimi, niliyemfulia nepi. Nikafyata mkia, nikarudi. Akainua kijani, boti ikapanda mchanga, lori likashuka salama.

Mpimaji akaja kwangu. Nikamwahi, "Baba, kosa ni langu, usimwangushe mtoto."

Akacheka. "Bibi, wengi hapa huogopa kumkatalia nahodha wa boti akitaka kushusha pasipo salama. Huyu kakufukuza hata wewe, bibi yake. Nahodha gani atamsumbua?"

Amefaulu shoga yangu.

Saa hizi yuko hapa, bibi bibi haimtoki mdomoni. Nami nimenuna kidogo, anibembeleze.