Saa Mbili na Nusu Mpaka Roma

Al Khoudh, Maskati

Mama yangu, shikamoo.

Vipi goti? Ile dawa ya kuchua niliyotuma unaipaka kweli, au umeifungia kabatini isiishe? Mimi mzima, ila joto la huku halina adabu. Bomba la maji baridi linatoa maji ya chai.

Najua unangoja jibu moja tu: nitakuja kumwozesha Mwanaidi au sitakuja? Baba hayupo, walii ni mimi kaka yake. Mara mbili nilimwomba ruhusa Bibi Salma ninayemwendesha, na mara zote alijibu, "Ukenda wewe, nani atanipeleka Qurum kwa daktari?" Nikawasha gari.

Sasa sikia kioja. Bibi ana kijana wake London, Nassor, na binti yuko Roma. Ndugu hao hawajaonana miaka minne. Nassor akaahidi kwamba Jumamosi atamtembelea dada yake, na akifika tu watampigia mama yao pamoja. Bibi akaniuliza, "London mpaka Roma, ndege ni saa ngapi?" Nikatazama kwenye simu: kilomita elfu moja na mia nne na ushei. Nikamjibu, "Saa mbili na nusu, Bibi." Ningesema "masaa" kama watu wote, lakini unakumbuka mwalimu wa darasa la tano alivyonichapa kwa neno hilo. Saa haina wingi! Ufasaha ndio ulioniponza.

Jumamosi saa nne asubuhi naingia kuosha gari, nasikia kilio. Bibi kavaa kanga mpya, simu mapajani, majirani wawili wanasoma Yasini.

"Athumani! Mwanangu keshaanguka na ndege! Ulinambia saa mbili na nusu, mpaka saa hizi hajapiga!"

"Bibi, ile si saa ya kufika. Ni saa za njiani!"

Nikachukua simu yake, nikampigia Nassor. Akaitika na usingizi wake: "Mama, ndege yangu ya mchana. Hata suruali sijavaa."

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi naye akacheka, halafu akajifuta machozi kwa kanga.

"Saa mbili na nusu tu," akasema, "na miaka minne hawajaonana. Na kwenu je?"

"Saa tano na nusu mpaka Dar, kisha basi la Tanga. Huu mwaka wangu wa tatu, Bibi."

Akanitazama kweli, pengine kwa mara ya kwanza. "Nenda kamwozeshe dada'ko. Mamako asije akalia kama mimi. Kwa daktari ntakwenda na teksi, nna ulimi wa kuiita."

Mama, nililia mle garini, sikufichi.

Mjomba Shomari fundi cherehani umwambie aache kujitangaza kwamba ataozesha yeye. Walii yuko njiani. Shangazi Kibibi, mpishi wa harusi, aniwekee ukoko wa pilau. Mwanaidi mwambie asilie, machozi yataiharibu hina.

Natua Dar Ijumaa, saa nane mchana. Angani ni masaa matano na nusu. Masaa, mama! Mwalimu anisamehe, sitaki kuja harusini nikakuta hitima yangu.

Mwanao, walii wa Mwanaidi,
Athumani