Barua Zote za Baba Nasieku Zimefika Leo

Jumamosi, Kitengela. Upepo na vumbi tangu asubuhi. Nguo nimezianua mara mbili.

Leo nimehamisha barua pepe za marehemu mume wangu.

Alifanya kazi Kajiado miaka sita, akirudi nyumbani wikendi. Kila siku kabla ya kufunga ofisi aliniandikia. Akaunti yangu ya wakati huo ilishusha barua kwenye kompyuta bila kuacha nakala kwingine, na sasa kompyuta hiyo inazimika yenyewe. Ikifa, barua zimekufa nayo.

Programu ya zamani ilikuwa imezifunga zote katika faili moja ambayo akaunti mpya haiisomi. Nikapata njia ya kuigawa, barua moja moja. Halafu, ili zichaguliwe zake tu, nikatakiwa kuandika jina la mtumaji.

Hapo nilikwama. Kwa watu wake, jina la marehemu halitajwi. Miaka mitatu sijalitamka. Ni Baba Nasieku tu. Nilijiambia kuandika si kutamka. Nikaliandika, herufi moja moja.

Barua zikaanza kuingia. Kumbe sikuweka alama pale pa kuhifadhi tarehe, na zote zikapewa tarehe ya leo. Mstari baada ya mstari, jina lake limekolezwa, kama barua mpya ambazo hazijasomwa.

Yeyo, mama yake, alikuja jana kutoka Bisil. Alikuwa amekaa nyuma yangu na chai. Hajui kusoma, lakini jina hilo analijua kwa sura, kutoka kwenye vyeti vya shule alivyovitunza. Akaweka kikombe chini.

"Hizo zote ni zake?"

"Ni zake, Yeyo. Za zamani."

"Na mbona zimekuja leo?"

Nikamweleza kosa langu. Akasema nimsomee moja, ila niruke pale penye jina.

Nilimsomea ya chini kabisa: mvua imenyesha Kajiado, nisisahau kufungua koki ya tangi, Ijumaa atapitia Bisil aniletee maziwa. Yeyo akacheka, akasema nusu ya maziwa hayo ilikuwa inaishia njiani, huyo alikuwa hivyo tangu utotoni. Kisha akaniomba nisome tena.

Mimi ni mtu wa tarehe. Najua nitalazimika kurudia kazi hii vizuri, kila barua irudi siku yake.

Lakini si leo. Nikizirekebisha, atakuwa ameacha kuniandikia mara ya pili.