Jumamosi Tunahamia Madale

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia. Ungenikatisha hapohapo uniulize nimelelewa na nani.

Nakuandikia nikiwa Madale, nimekaa juu ya mfuko wa saruji kwenye sebule yako. Ni Jumapili, nimetoka kanisani, na mjukuu wako Jesca yuko nje anachora chini kwa kijiti. Lipu imekwisha, dari ya gipsam imefungwa vyumba vyote, madirisha yana vioo. Sakafu ungeiona ungevua viatu mlangoni. Ile nyumba uliyoiacha na bati tu, watu wakiiita pagale la mwalimu, sasa ni nyumba. Jumamosi tunahamia. Mwenye nyumba wetu wa Keko nimeshamuaga, na vile vyumba vimeshapata mpangaji mwingine.

Ningependa barua iishie hapo. Hizo ndizo habari ulizokuwa unazisubiri mpaka presha ikakuchukua.

Tangu tulipokurudisha Bukoba tukakulaza kando ya Baba, sijapumzika. Ndugu waliniambia uza, Adela, uza uanze upya kwingine. Nikaziba masikio. Nilikuwa nakusikia wewe, asubuhi za Jumamosi, unanitikisa mguu kitandani: "Amka twende. Hata kama ni tofali moja, tukaliweke." Kuna siku hatukuwa na hata hilo moja. Tulikwenda tukamwagilia ukuta maji, tukala mihogo ya kuchoma, tukarudi Keko, na njiani ukanitangazia kwamba leo tumejenga. Basi na mimi nimeishi hivyohivyo. Nashinda Kurasini naandika namba za makontena, malori yananipigia honi masikioni siku nzima, kichwa kinauma, na jioni bado napita dukani kuuliza bei ya rangi. Nilikuwa najisemesha njiani mpaka watu wananigeukia.

Akina mama wa kanisani wakasikia. Wakaniomba nizungumze na vijana juu ya kutokata tamaa. Mimi, Mama, niliyekuwa natetemeka hata kusoma somo! Nikasimama mbele nikawaambia ukiwa na lengo usiangalie pembeni. Nikapigiwa vigelegele. Nilirudi Keko kichwa kimevimba, nikamchinjia Jesca kuku.

Sikuwaambia habari za korongo.

Unalijua. Ulinunua kiwanja wakati wa kiangazi, kumekauka, majani yamesimama, na huko nyuma kulikuwa na kibonde tu ambacho dalali alikisifia kwamba kinaleta upepo. Masika ya kwanza kibonde kikaanza kula udongo. Jesca alipokuwa mdogo alikuwa anakimbiza vifaranga vya jirani huko nyuma. Sasa huko nyuma hakupo. Ukifungua dirisha la chumba cha mwisho unaona hewa, halafu chini kabisa unaona mchanga. Tumepanga viroba, tumepanga matairi mabovu, mvua ikija vinakwenda vyote. Na sasa kuna ufa. Umeanzia kwenye kona ya msingi, umepanda mpaka chini ya dirisha. Fundi Saidi ameuziba, ukarudi. Ameuziba tena, umerudi palepale.

Jirani yetu Baba Jose amebandua bati lake. Nilimkuta juu ya kenchi za paa anang'oa misumari aliyoigongelea kwa mikono yake mwenyewe. Akashuka, akanipa mkono uliojaa kutu. "Mama Jesca, mie nimeshindwa. Sitaki wanangu walale hapa." Nikampa pole. Moyoni nilimdharau, nikasema huyu ni wa kuishia njiani, hakuwa na nia tangu mwanzo. Kuta zake zimebaki zimesimama wazi juu. Wiki iliyopita choo chake kilikwenda. Kilikwenda mchana, Mama, jua linawaka, hakuna hata tone. Nilikuwa nasugua sufuria ya mafundi, nikasikia kama mtu anamwaga kokoto. Nilipotoka niangalie, palikuwa na vumbi tu.

Fundi Saidi aliacha kula. Jesca akapiga makofi, alidhani ni mchezo.

Juzi nikamwambia Fundi apigilie mbao kwenye dirisha la chumba cha nyuma. Jesca akaniuliza, "Mama, kwa nini tunaziba?" Nikamjibu bila kufikiri: "Wezi."

Neno lilipotoka mdomoni nikakusikia wewe. Mlango wa jikoni uliokuwa unatokea nyuma uliuzibisha kwa tofali, na nilipokuuliza ulisema wezi. Na ile migomba yako, uliyobeba machipukizi yake kutoka Bukoba kwenye kiroba ukayapanda huko nyuma, kila baada ya mvua ilikuwa inapungua, na wewe ulikuwa unasema imeibwa. Nilikutania sana. Nilisema Madale nzima kuna mwizi mmoja tu, anaacha bati, anaacha nondo, anang'oa migomba na mizizi yake. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Kisha ukageuza kiti ukaangalia barabarani. Nakumbuka sasa, ulikuwa unakaa hivyo siku zote, mgongo umeuelekeza huko nyuma.

Nikashuka korongoni kwa kuzungukia kwa Baba Jose. Mgomba wako upo. Umeshika chini kabisa kwenye mchanga, umeinama, na una mkungu.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua kila Jumamosi uliponitikisa mguu.

Nimekukasirikia, sikufichi. Nilikaa pale chini nikakugombeza kwa sauti, nikakuita mkaidi, nikakuita mwongo, maneno ambayo ukiwa hai nisingethubutu hata kuyanong'ona. Halafu nikalia, kwa sababu nakuelewa. Ulifundisha mpaka chaki ikakukausha vidole, na maisha yako yote ulilala kwenye vyumba vya watu, unaambiwa zima taa, leo msifue, huyo mgeni analala mpaka lini. Ukishafika kwenye bati unageukaje? Unamwambia nani kwamba basi? Ulikuwa huwezi kuangalia nyuma na kuweka tofali kwa wakati mmoja, ukachagua tofali. Na mimi niliyatafuna maneno yako nikayatema kanisani kama mahubiri, nikawaambia vijana wa watu wasiangalie pembeni. Naona aibu, Mama. Wengine walikuwa wananirekodi kwa simu.

Jana Fundi Saidi aliniuliza aanze rangi au abandue bati. Aliuliza huku anachokonoa kucha, hakuniangalia. "Dada, mie naendelea ukisema niendelee." Alikuwa ananiomba nimwambie abandue, mtu mzima unaona kabisa. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikamwambia rangi. Ile ya krimu uliyoichagua, sebuleni na vyumbani, na nje apake nyeupe.

Usiniulize kwa nini. Au niulize, nitakujibu: nimechoka kuwa mtu wa kesho. Nimekaa na hili jambo muda mrefu mno, limeniamsha asubuhi nikiwa na msiba, limenivusha nilipotaka kulala tu nisiamke. Nikiliachia sijui nitashika nini. Bati likishuka nitakuwa nimekuzika mara ya pili, na safari hii hakuna atakayenichangia wala kuja kukaa na mimi.

Mawingu yamekaa upande wa Tegeta tangu asubuhi. Redio imekuwa ikitaja mvua wiki nzima, na mimi naizima. Nimeitoa simu nimpigie mwenye nyumba wa Keko, nimwombe hata kachumba kamoja ka uani kwa muda. Nikairudisha kwenye mkoba. Nikaitoa tena. Jesca ameingia sasa hivi kuniuliza ninaandika nini, nikamwambia namwandikia Bibi. Akasema nikusalimie, na nikuambie chumba chake kina harufu ya rangi. Amekimbia kwenda huko nyuma na mimi nimepiga ukelele wa kumwita ambao umenitisha mimi mwenyewe. Amerudi ananiangalia. Anadhani amekosea.

Naogopa. Ninaandika neno hilo hapa kwa sababu hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwambia.

Lala salama, Mama, huko ambako udongo umetulia. Gari la mizigo linakuja Jumamosi asubuhi, na tutaingia kwa kuomba kama ulivyotaka, picha yako nitaitundika sebuleni. Nakuahidi Jesca nitamlaza chumba cha mbele, karibu kabisa na mlango, na mlango sitautia komeo. Nitamfundisha kukimbilia barabarani bila kutafuta viatu wala kunisubiri. Chumba cha nyuma nitalala mimi, ili korongo likianza nilisikie kwanza.

Mwanao,
Adela