Kitenge cha Maman Béatrice

Jumatatu, 7 Oktoba
Fomu za ridhaa tena. Watu ishirini na tisa katika filamu mpya, fomu ishirini na tisa. Kumi na mmoja waliomba kufichwa sura. Nimewapitia wote, picha baada ya picha. Ukungu uliowekwa kuwaficha haukutoka usoni hata mara moja. Nikaandika "imekaguliwa", nikatia sahihi. Ndiyo kazi yangu hapa: makaratasi. Ofisi ni vyumba viwili juu ya saluni, dakika tatu kutoka kituo cha metro cha Porte de Namur.

Mkataba wangu wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi. Bila mkataba mpya kadi ya ukaazi haiongezwi. Nalifikiria hili kila asubuhi kabla sijashusha miguu kitandani.

Mama mdogo, ninayeishi kwake, anajua ni ofisi ya filamu. Hajui filamu gani.

Jumanne, 8 Oktoba
Tarehe 26 ukumbi mmoja utaonyesha filamu zote za Yaya Solange, mwenye ofisi; yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo tunavyomwita. Mpya itakuwa ya mwisho. Wanataka maisha yake kwa kurasa mbili. Alinisimulia huku akinyonya kipande cha barafu, maji amekatazwa.

Amezaliwa Bukavu. Miaka hamsini na tatu. Alipewa jina la mvulana, nisiliandike. Baba alimtuma huku ng'ambo asomee ufamasia. Picha yake moja akiwa na gauni ilifika nyumbani, pesa zikakatika. Akasafisha ofisi za watu miaka kumi na miwili. Filamu ya kwanza: wasafishaji wenzake ndani ya metro ya alfajiri. Ya pili: yeye mwenyewe akirudi kwenye dirisha la komini, ofisi ya serikali ya mtaa, mara tisa, mpaka kadi yake ikaandikwa mwanamke. Kisha maandamano, redio, wasichana kama yeye waliofukuzwa kwao wakilala kwenye kochi la ofisi. Siku moja, mtaani Matonge, mwanaume alimtemea mate huku kamera ikienda. Nilimuuliza kama aliogopa.

"Sana. Mikono ilitetemeka. Ile image ilikuwa mbaya, sikuitumia."

Figo zake zimekufa. Mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Anasema hatapiga filamu nyingine. Anasema kama anayetaja saa ya tramu.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimeona kitu. Natamani nisingekiona.

Katikati ya filamu kuna dakika saba za Rehema. Si jina lake. Miaka ishirini na sita, alizaliwa mvulana, amejificha mtaa wa Saint-Josse kwa sababu kaka zake wawili wameapa kumuua. Sura imefichwa, sauti imebadilishwa. Lakini amejifunga kitenge. Kijani, chenye taa za njano. Nakijua. Kiliagizwa kwa harusi ya Clarisse wa parokia yetu, kwa wanawake wa familia tu. Mama mdogo ni mshonaji. Alikata vyote kumi na vinne juu ya meza yetu ya kulia, mimi nikiokota pini.

Rehema hakualikwa harusi ile. Kwa hiyo kitenge ni cha mama yake, aliyempa kwa siri. Fomu inasema mama anaishi na wale kaka, mtaa wa Anderlecht, asitajwe kabisa.

Niliangalia sura tu. Na nilitia sahihi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nilipanga kusema. Nilimpelekea Yaya Solange barua za ofisi hospitali. Alikuwa kwenye mashine, amelala, mdomo wazi. Nikisema, dakika saba zinatoka, na bila hizo filamu haisimami. Nikisema, ataitazama sahihi yangu. Nilisimama dakika kumi. Nikamwachia muuguzi barua hizo.

Mwoga. Niandike hivyo.

Jumatatu, 14 Oktoba
Kionjo cha filamu cha sekunde arobaini kimewekwa mtandaoni. Sekunde sita ni za Rehema. Mimi ndiye niliyebonyeza. Najiambia watu hawatazami nguo. Si kweli. Kwetu watu hutazama nguo kwanza.

Jumatano, 16 Oktoba
Kionjo kimefika kwenye simu za kundi la kwaya. Tulikuwa tunakula sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mama mdogo akaikuza picha ya kitenge, au kikwembe kama asemavyo, kwa vidole viwili.

"Mais hii kikwembe ni ya Clarisse. Njo miye nilikataka." Akacheka. "Banaficha sura, banaacha kikwembe. Hawa batu ya cinéma habana bamaman?"

Akaanza kuhesabu nani anacho. Huyu alikivaa Pasaka. Yule anacho. Cha shangazi wa Clarisse aliyeko Bukavu, aliyenyimwa viza, bado kimo sandukuni mwetu. Kisha akasita.

"Maman Béatrice alisemaka yake iliungua na pasi."

Maman Béatrice wa parokia yetu anaishi Anderlecht na wanawe wawili. Mama mdogo akaigeuza simu chini. Hakucheka tena. Niliosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Alhamisi, 17 Oktoba
Nimemwambia Yaya Solange.

"Ulionaka lini?"

Alhamisi iliyopita, nikasema. Akahesabu kwa vidole vya mkono usio na bandeji.

"Siku saba. Bon."

Afadhali angenitukana. Alikiondoa kionjo mwenyewe, akampigia Rehema. Rehema alishajua. Mama yake alimpigia asubuhi kwa kunong'ona: wanawe wameona kionjo, wanataka kukiona kitenge chake, hata kama kimeungua. Simu ikakatika hapo. Haipatikani tena.

Jumapili, 20 Oktoba
Padri alitangaza tumwombee Maman Béatrice, ameanguka jikoni, mkono umevunjika. Wanawe wawili walikaa benchi la mbele, suti safi. Kanisa lote likasema amina.

Na mimi nikasema.

Jumatatu, 21 Oktoba
Sikwenda kazini. Nilimwambia Mama mdogo yote: ofisi, filamu, Rehema ni nani, sahihi. Alisikiliza mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani. Nilingoja anifukuze. Aliuliza jambo moja.

"Ule mutoto, anakula?"

Nikasema anakula.

Akafungua sanduku, akatoa kitenge cha yule shangazi, bado kimo kwenye nailoni yake. Akawasha pasi. Akaibandika kwenye pindo na kungoja mpaka moshi ukatoka. Kisha akashona kiraka juu ya doa, vizuri kabisa, kama kazi ya mteja. Akakifua na kukikausha juu ya radieta ya kupashia chumba joto, kisinuke kama kitu kipya.

Jumanne, 22 Oktoba
Mama mdogo alikwenda Anderlecht. Alinisimulia aliporudi, koti likiwa bado mwilini. Aliwaambia wale wana kwamba kitenge cha mama yao kilikuwa kwake, alikuwa anakitengeneza, amekawia, wamsamehe. Mkubwa aligeuza kiraka, akakitazama ndani na nje. Akasema merci, maman. Maman Béatrice alikaa kitini, plasta mpaka kiwiko.

Kama waliamini, Mama mdogo hajui.

Alinipakulia wali. Akasema nitafute chumba kabla mwezi haujaisha. Wateja wanaingia kila siku, siku moja mtu ataniuliza kazi yangu ni nini, na yeye amemaliza uongo wake wote. Hakusema kwa hasira. Aliniongezea maharage.

Jumamosi, 26 Oktoba
Filamu mpya haikuonyeshwa. Yaya Solange ameiondoa yote. Zilionyeshwa mbili za zamani, ukumbi ulijaa, watu wakasimama kupiga makofi. Mmoja aliuliza ya tatu iko wapi. Alijibu haijaisha. Mimi nilikuwa mlangoni, nakata tiketi, na nilijua haitaisha.

Jumatatu, 28 Oktoba
Nilimpa barua ya kuacha kazi. Hakuisoma. Alifungua droo, akanipa mkataba. Miezi kumi na miwili. Ulikuwa umesainiwa tangu tarehe pili Oktoba.

"Nilisahau kukupa," alisema. "Hii damu inanisahaulisha."

Tarehe pili. Kabla sijaona chochote. Kile nilichokiogopa hakikuwepo. Nilikwenda chooni nikakaa huko muda mrefu.

Alhamisi, 31 Oktoba
Nilihamisha vitu vyangu jana. Chumba kimoja Saint-Gilles, dirisha linatazama ukuta.

Rehema alipita ofisini na mkoba mmoja. Anahamia mji wa Liège. Hawezi kumpigia mama yake, na mama hana simu. Hakuniangalia. Sikutegemea aniangalie. Aliomba kitu kimoja: kuona zile dakika saba zilivyopigwa, kabla ya ukungu, kwa sauti yake mwenyewe. Yaya Solange akaziweka.

Alitazama zote akiwa amesimama, mkoba begani. Mwishoni aliinama karibu na kioo.

"Kumbe niko hivi," alisema.

Yaya Solange akamsindikiza mpaka ngazini. Saa saba nilimpeleka hospitali. Tulipanda tramu. Kituo cha nne alisinzia, kichwa chake kikaegemea begani kwangu. Sikusogea mpaka tulipofika.