Kikombe cha Nurdini

Jumapili, 2 Machi 2025

Ramadhani yangu ya kwanza nikiwa mke wa mtu! Wiki ya tano ya ndoa. Jana Nurdini alininong'oneza: mwaka huu nafunga na wewe, Mwantum wangu. Nikayeyuka! Nikamwambia funga, mume wangu. Basi leo hakwenda kliniki kunywa methadoni, dawa iliyomtoa kwenye unga, ile heroini. Tulifuturu uji na zabibu za Makutupora. Alhamdulillahi kwa mwanamume huyu.

Jumatatu, 3 Machi 2025

Anapiga miayo. Kamasi, machozi, vinyweleo vimesimama — na jua hili la Nzuguni! Nadhani ni njaa. Kanifokea eti mchuzi wa jana ulizidi chumvi, kisha kaomba radhi mara tatu. Nampenda.

Mama mkwe kafika toka Kondoa na asali. "Mwanangu anafunga! Basi kapona!" Akacheka mpaka akalia. Nani angemwambia kwamba kaacha dawa tu ili afunge?

Jumanne, 4 Machi 2025

Asubuhi nimemkuta anatafuta namba ya zamani kwenye simu. Ya muuza unga. Hakupiga — kanikabidhi simu mwenyewe! Mungu, asante kwa mkono ule.

Nikampigia Sista Anjelina wa kliniki. "We bibi harusi, umemfungisha mgonjwa! Mlete sasa hivi!"

Sasa tupo kliniki. Sista kanieleza taratibu: unga uliujaza ubongo wake dopamini, kemikali ya raha, mpaka raha za kawaida zikapoteza ladha. Ubongo ukazoea kutulizwa na kitu cha nje. Methadoni hukaa palepale unapokaa unga, lakini polepole, bila kumlewesha. Ikikosekana, mwili mzima unagoma — hasira, miayo, hamu. Kumbe si chumvi! Na si ubaya wake. Kosa ni langu, na bado ananishika mkono. Nina bahati gani mimi!

Mama mkwe kang'ang'ania kuja. Kasikia yote. Sista kampima Nurdini, kamimina dawa, kampa kikombe. Kwa mgonjwa dini ina ruhusa, kasema.

Nurdini hanywi. Anamtazama mama yake.

"Mama, nikinywa hapa nimefungua."

Mama mkwe kaweka tasbihi yake mapajani. Mkono wa Nurdini unatetemeka, dawa inafika ukingoni — na mama mkwe kanyoosha wake, anamshikia kikombe kisimwagike.