Majina Yasomwe Barazani

Mtongwe, Likoni

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza nataka kujua kifua chako, kama ile dawa ya kuchemsha imekufaa, na kama baba sasa anakula vizuri. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila nyumba imepoa, na nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa wasafiri.

Wajua kwamba kwa sababu ya vita na uhaba wa chakula, serikali iliahidi kumlipa kila atakayefyeka pori jipya apande muhogo au mpunga. Jirani yangu Mejumaa, mjane asiye na mtoto, alifyeka pori la bondeni peke yake. Mikono yake ilichubuka hata ikawa hawezi kukuna nazi, nikimkunia mimi. Bwana Shamba akaja, akapima, akaridhika, akamwachia mzee wa mtaa aandike majina ya kulipwa. Fedha zilipofika wengine walilipwa, yeye akakosa. Kila akienda kwa mzee wa mtaa huambiwa, "Jina lako halikutoka." Akiuliza yaliyotoka ni ya nani, huambiwa hayo ni ya serikali, hayamhusu.

Ikaitishwa baraza, na Bwana Shamba alikuwako. Wanawake tulikaa nyuma. Mejumaa alikuwa ameniomba nimsemee, maana yeye akisimama mbele za watu hulia. Nikasimama, mama, na buibui langu.

"Bwana," nikasema, "twaomba majina ya waliolipwa yasomwe hapa, na mashamba yao yalipo, sote tusikie."

"Mke wa Hamisi, keti," akasema mzee wa mtaa. "Mambo haya hayasomwi hadharani."

Bwana Shamba akamtazama. "Kwa nini yasisomwe?" Akampa karani wake karatasi.

Karani akasoma. Alipofika shamba la bondeni akataja jina la Salimu. Huyo ni shemeji yangu, mdogo wake Hamisi, afanyaye kazi ya reli Changamwe, na jembe hajalishika tangu aoe. Yeye na mzee wa mtaa ni marafiki wakubwa. Watu wote wakageuka kunitazama.

Mume wangu alikuwa mbele, kwa wanaume. Akainuka polepole. "Salimu ni ndugu yangu, tumbo moja," akasema. "Shamba lile si lake. Ni la Mejumaa." Akaketi.

Salimu ameuza baiskeli yake akazirejesha fedha, na Mejumaa amelipwa. Mzee wa mtaa angali kazini, lakini Bwana Shamba ameamuru majina yasomwe barazani kabla ya mtu yeyote kulipwa. Salimu hapiti kwetu tena, na watoto wake nimewakosa. Mavyaa, mamake Hamisi, nikimpelekea chakula hula, lakini salamu yangu haitikii.

Juzi Hamisi aliniuliza, "Ungalijua ni jina la Salimu, ungalisimama?"

Nikafikiri. Nikamwambia, "Sidhani."

"Hata mimi," akasema. "Heri hatukujua."

Nisalimie sana baba, na kaka Athumani mshona kofia, na shangazi aliyenilea. Wifi mwambie kitambaa nimekipata, nitampa mtu aje nacho. Nawe, mama, ukisali niombee mavyaa aniitikie.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mwanaisha